Maziwa ya Kampuni

Huko Mufindi, upande wa Iringa, asubuhi huanza na baridi. Ukungu hulala juu ya mashamba ya chai, na wachumaji huingia kazini bila kuonana vizuri. Mwaka ule wa 1954, mtu aliyeamka kabla ya wachumaji wote alikuwa Bibi Lea. Aliwasha moto, akateleka maji, kisha akaenda zizini kumkamua ng'ombe.

Ng'ombe alikuwa mmoja tu. Maziwa yake hayakuwa ya Bibi Lea. Yalikuwa ya watoto watano waliolala ndani, wamefunikwa mablanketi ya kijivu. Wote walikuwa wachanga, na wote hawakuwa na mama. Mama zao walifariki wakati wa kujifungua au siku chache baadaye. Baba zao hawakujua mtoto mchanga analishwa nini, na ndugu wa kike walikuwa mbali.

Kina mama wa kanisa ndio walioanzisha nyumba ile. Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi, kando ya barabara ya malori, juu kidogo ya kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya chai. Watu wa pale hawakuitaja kampuni hiyo kwa jina lake. Walisema Kampuni tu, ikatosha. Bibi Lea alikuwa mjane, na watoto wake walikuwa wamekwisha kuwa na nyumba zao. Kwa hiyo kina mama walimwomba akae mle ndani alee. Alisaidiwa na Tekla, mwanamke kijana mwenye miguu myepesi na mdomo mzito.

Mtu akikuambia kwamba kulea watoto wa wenzio ni kazi ndogo, mwulize yeye amelea wangapi. Chupa zilichemshwa. Nepi zilifuliwa kwa maji ya baridi yanayouma vidole. Mmoja akinyamaza, mwingine alianza. Bibi Lea alilalamika kutwa nzima, lakini hakuondoka.

Mwezi wa tatu, wakati wa mvua, alikuja mtu amebeba mtoto ndani ya gunia. Jina lake Kalinga, mpalilia chai wa Kampuni. Mkewe alikuwa amefariki kambini usiku uliopita. Kalinga alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika, akakataa kuketi. Alisema amekuja kuomba maziwa ya njiani tu. Anaacha kazi, anarudi kwao bonde la Mgololo akamtafutie mtoto mtu wa kumnyonyesha.

Bibi Lea alifunua gunia akamtazama mtoto. Alikuwa wa kike, mdogo sana, macho ameyafumba.

"Mtaondoka wawili," alimwambia, "lakini utafika peke yako. Mwache hapa, mwanangu. Wewe rudi kazini."

Kalinga alilia pale pale mlangoni, mtu mzima. Mtoto hakuwa amepewa jina bado, basi wakamwita Sekalinga, kama Wahehe wanavyomwita binti wa ukoo wa kina Kalinga. Kalinga alirudi kazini. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja na mzigo wa kuni, akambeba binti yake kidogo, akaenda zake. Mtoto alianza kunenepa. Wakati wa kunywa maziwa alikuwa na tabia ya kushika kidole cha Bibi Lea, na hakukiachia mpaka alale. Bibi Lea alisema mtoto huyo anamchelewesha kazi, lakini hakumwachia Tekla amnyweshe.

Mwezi wa tano ng'ombe aliugua ndigana. Tezi zilimvimba, akaacha kula, akafa. Ng'ombe wa majirani nao walikuwa wanakufa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuomba. Bibi Lea na Tekla walianza kuwalisha watoto uji mwembamba wa ulezi. Wale wakubwa kidogo waliuvumilia. Sekalinga aliutapika.

Mzee wa kanisa, Sedekia, alikuja kuwaona. Alisema kwa upole kwamba pengine Mungu hataki nyumba ile iendelee. Bibi Lea alimjibu kwamba akamwulize Mungu vizuri. Sedekia akakohoa, akasema basi, kama ni hivyo, Kampuni wana mali. Waende wakasalimu.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana ndipo kosa lilipoanza. Bibi Lea alilelewa kama watu wengine wa rika lake. Mtu mwenye shida alikwenda kwa mtwa, yaani chifu, na hakwenda mikono mitupu. Alibeba kuku. Alifika, akaketi chini, akasalimu, akaulizwa habari za nyumbani. Hapo alisema kwamba nyumbani si kuzuri. Basi, aliishia hapo. Kutaja kitu unachokitaka kulikuwa utovu wa adabu, ni kumwamuru mkubwa. Mkubwa huelewa mwenyewe, naye hutoa apendavyo. Akishatoa, unapokea kwa mikono miwili, hata kama ulitaka mbuzi ukapewa chumvi. Wala hurudi kwake kumweleza chumvi ile uliifanyia nini. Ukirudi, unaonekana unaomba mara ya pili.

Kwa mtwa adabu hiyo ilifaa, maana mtwa alijua kila nyumba na njaa yake. Bibi Lea akaichukua adabu hiyo hiyo akaipeleka ofisini.

Walikwenda kina mama wengi, wamevaa nguo za Jumapili. Walibeba kuku mweupe na kikapu cha mayai. Karani wa ofisi, Anania, aliwaingiza kwa meneja. Meneja alikuwa Mzungu asiyejua Kiswahili vizuri, kwa hiyo Anania alisimama katikati akitafsiri.

Bibi Lea aliketi sakafuni. "Mwambie tumekuja kumsalimu," alisema. "Mwambie watoto wa kule kilimani nao wanamsalimu. Mwambie siku hizi kwetu si kuzuri sana."

Meneja alishukuru kwa kuku. Kisha akauliza kama kuna kitu wanachokihitaji.

Kina mama walimtazama Bibi Lea. Tekla alifumbua mdomo, akaufumba. Bibi Lea aliinamisha kichwa akasema, "Chochote atakachopenda mwenyewe."

Hakuwa mtu mbaya meneja yule. Nasema hivyo kwa sababu wengi wakisikia habari hii humtafuta mtu mbaya wa kumtupia lawama. Alifikiri kidogo, akamwita mtu wa stoo. Kampuni ya chai ina nini? Ina chai. Wakaletewa kasha zima la chai. Bibi Lea akapiga magoti akapokea kwa mikono miwili. Kina mama wakapiga vigelegele. Walilibeba kasha kwa kupokezana mpaka kilimani.

Mtoto mchanga hanywi chai. Kuiuza hawakuweza, maana mtu aliyekutwa anauza chai ya Kampuni alihesabiwa mwizi. Sikukuu ya Pentekoste kanisa zima lilikunywa chai, nzito, bila maziwa. Watu walisifu.

Sekalinga aliendelea kukonda. Mashavu yaliingia ndani, ngozi ya mapaja ikaning'inia. Bibi Lea alichukua jogoo, akarudi ofisini peke yake. Anania alimkuta getini, akamwambia kwa heshima kwamba Kampuni hutoa msaada mara moja kwa mwaka, na wao wamekwisha kupata. Akamwuliza, je, mama ana shida nyingine?

Hapo palikuwa pa kusema. Bibi Lea alimhamishia jogoo mkono wa pili. Alisema alikuja kusalimu tu. Akageuka na jogoo wake.

Mtoto alikufa wiki iliyofuata, alfajiri, Tekla akiwa ameenda kuteka maji. Bibi Lea alikuwa anamnywesha uji kwa kijiko. Uji ulirudi. Akamfuta mdomo, akajaribu tena, ukarudi tena. Kisha kile kiganja kilichokuwa kimeshika kidole chake kikalegea. Bibi Lea alibaki ameshika kijiko mpaka Tekla aliporudi.

Kalinga alichimba kaburi mwenyewe. Safari hii hakulia. Jumapili iliyofuata alileta kuni kama kawaida, akazitua uani, akaondoka bila kuingia.

Baada ya siku hiyo Bibi Lea aliacha kulalamika. Alifanya kazi zote, lakini hakusema neno. Tekla aliogopa kimya hicho kuliko alivyowahi kuogopa maneno yake. Mtoto mmoja wa kiume, aliyeitwa Tadeo, naye alianza kuharisha. Sedekia alipokuja tena akasema afadhali watoto waliobaki warudishwe kwa baba zao na nyumba ifungwe, Bibi Lea hakubishana naye. Alisema, "Ifungeni tu. Mimi sina nguvu ya kuzika mwingine."

Mwezi wa saba alifika Bibi Damari. Alikuwa Mnyakyusa, mtumishi wa idara ya maendeleo, na kina mama walimwita Bibi Maendeleo. Kabla ya kuletwa Iringa alifanya kazi Mbeya, upande wa Ilomba. Alikuja kufundisha kushona. Alipoingia kusalimu akaona watoto wanalishwa uji wa maji, alivua koti lake akaketi karibu na moto. Ushonaji ukasahaulika. Alitaka kuelezwa yote tangu mwanzo, na Tekla ndiye aliyeeleza, maana Bibi Lea alikuwa kimya.

Tekla alipomaliza, Damari alimgeukia Bibi Lea.

"Mama, mlimwomba nini meneja?"

"Hatukuomba. Tulikwenda kumsalimu."

"Hakuwauliza mnataka nini?"

"Aliuliza."

"Mkajibu nini?"

Bibi Lea alitazama moto. "Tulimwambia chochote atakachopenda."

Damari hakucheka, wala hakukaripia. Alimchukua Tadeo akampakata. Kisha akawasimulia yaliyompata yeye. Kule Ilomba alikuwa na kikundi cha kina mama waliowapikia wagonjwa wasio na ndugu hospitalini. Kuni za kupikia zilikuwa mbali, nao walitaka kusaidiwa kuzisomba. Wakamwendea tajiri mwenye malori. Walilia mbele yake mpaka akaona haya. Akawapa kitu kidogo ili waache kulia, na kesho yake akamwagiza mlinzi asiwafungulie tena.

"Hatukumwambia tunataka lori," alisema Damari. "Tulimwambia tuna huzuni. Sasa tajiri afanye nini na huzuni yangu? Mama, Kampuni si mtwa. Mtwa anakujua wewe na anamjua baba yako. Meneja hajui kama ng'ombe wako yu hai au amekufa. Usipotaja kitu, atakupa kile kinachomzidi, hata kama hakikufai."

Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza pale. Je, Kampuni wana kitu gani kinachowazidi, lakini nyumba hii kingeifaa?

Tekla alichezea upindo wa kitenge chake.

"Maziwa," alisema mwishowe. "Kaka yangu anakamua ng'ombe wa Kampuni. Wazungu wakishachukua yao, na ya zahanati yakishatoka, yanayobaki wanapewa nguruwe."

Bibi Lea aliinua kichwa. "Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Ningesemaje? Ni kuchungulia jungu la watu."

Bibi Lea hakumgombeza. Alijua kwamba kama Tekla angesema siku ile, yeye mwenyewe ndiye angemnyamazisha. Alijifunika uso kwa khanga, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Wenzake walimwacha alie.

Alipotulia, Damari aliendelea. Alisema kujua unachokitaka ni nusu tu ya safari. Lazima pia ujue huyo unayemwomba ana shida gani. Bibi Lea aliona maneno hayo ni ya mtoto. Kampuni wana malori, wana mabati, wana umeme wa mashine. Wana shida gani?

"Wana shida ya watu," Damari alijibu. "Mfanyakazi akifiwa na mke anaacha kazi katikati ya kipande chake cha siku thelathini, anarudi kwao na mtoto. Mkono uliozoea kazi umeondoka. Niambie, hao baba wa watoto hawa, wako wapi?"

Bibi Lea alifikiri. Wale wa kambini wote walikuwa bado kazini. Hata Kalinga.

"Basi hilo lazima meneja alisikie."

"Yaani nimwambie mtoto ni faida kwake?" Sauti ya Bibi Lea ilipanda. Tekla alifurahi kuisikia. "Mtoto si chai, Damari. Nilimzika kwa mikono hii."

"Mtoto si chai," alisema Damari. "Wala sikutumi ukaseme uongo. Utasema mambo mawili, na yote ni kweli. Watoto wanakufa kwa kukosa maziwa. Na baba zao wakikosa mahali pa kuwaacha, wanaondoka. La kwanza linatuuma sisi. La pili linamgusa yeye kazini kwake. Akisikia la pili, atakaa asikilize na la kwanza."

Siku zilizofuata walifanya mazoezi. Usicheke, maana ilikuwa kazi kweli. Tekla aliketi kwenye kigoda akajifanya meneja. Bibi Lea alisimama mbele yake aseme neno moja tu, kwamba anataka maziwa. Hakuweza. Kila alipofungua kinywa alianza kuuliza habari za mvua. Mara alisema kwetu si kuzuri. Mara alipiga magoti. Tekla alipochoka akamwambia, "Mama, mimi meneja nakwenda kula." Damari alimrudisha mwanzo tena na tena, mpaka neno likatoka. Lilitoka kwa ukali, kama mtu anayegombana, lakini lilitoka.

Damari aliwaonya na mambo mengine. Wasizuke tu ofisini, wamwombe Anania awapangie siku. Waende wachache. Wafikiri kabisa maziwa yatafikaje kilimani, ili meneja asipate taabu ya kufikiri kwa niaba yao. Na wakipewa, warudi baada ya mwezi kusema yamefanya nini. Hili la mwisho lilimshinda Bibi Lea kulielewa.

"Nirudi kwake na mdomo mtupu? Ataona tamaa."

"Ataona ukweli. Leo hajui kama chai yake iliwafaa au iliwaumiza. Nani amemwambia?"

Hakuna aliyemwambia.

Mwezi wa nane walikwenda. Walikuwa Bibi Lea, Damari na Kalinga, ambaye Anania alimwombea ruhusa kwa nyapara. Bibi Lea hakubeba kuku. Njia nzima hakujua mikono yake aiweke wapi. Ofisini aliketi kwenye kiti, akahisi kama ameketi mahali pa mtu mwingine.

Alisalimu. Hakuulizia mvua.

"Bwana Meneja," alisema, na Anania akatafsiri, "pale kilimani tuna watoto wachanga watano. Watatu ni wa wafanyakazi wako. Ng'ombe wetu alikufa. Tunataka maziwa yanayobaki kwako, ndoo moja kila asubuhi. Lori lako linapita mlangoni kwetu likienda Iringa. Tekla atasimama barabarani ayapokee, arudishe ndoo ya jana ikiwa safi. Baba wa watoto hao watatu wako kazini kwako mpaka leo, kwa sababu watoto wana pa kukaa."

Kalinga naye akasimama. Alikuwa amefinya kofia yake mikononi. Alisema kwamba mkewe alipofariki alitaka kuacha kazi siku ile ile. Mama huyu alimpokelea mtoto, naye akarudi shambani. Hakuwa na maneno mengi.

Meneja aliuliza mambo mawili matatu kuhusu lori na ndoo. Alimwuliza Anania maziwa yanayobaki ni kiasi gani. Kisha akasema ndiyo. Alisema waanze Jumatatu. Ilikuwa rahisi namna hiyo.

Wakati wanainuka, meneja alimtazama Kalinga, akatabasamu, akauliza kitu. Anania alisita kidogo kabla ya kutafsiri.

"Anauliza mtoto wako anaendeleaje."

"Amekufa," Kalinga alijibu.

Meneja aliuliza lini. Kalinga akasema mwezi wa sita. Meneja aliuliza ugonjwa gani. Kalinga akasema haukuwa ugonjwa, ni maziwa tu yalikosekana. Kisha meneja alizungumza polepole, akimtazama Bibi Lea, na Anania alitafsiri macho yakiwa chini.

"Anasema, mama, ulikuja hapa mwezi wa tano. Uliketi pale. Anasema aliuliza unataka nini. Anasema maziwa yalikuwepo."

Nje mashine za kiwandani zilikuwa zinanguruma. Bibi Lea alikuwa amejiambia maneno hayo hayo usiku mwingi, lakini alikuwa hajayasikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Alitamani kutoka mle ndani aende akalale chini, asiamke. Kalinga alikuwa amesimama karibu naye, na hakumtazama kwa lawama. Hilo lilimuumiza zaidi.

"Mwambie ni kweli," alisema. "Mwambie adabu ilinizuia. Mtoto wa huyu bwana alikufa kwa adabu yangu. Mwambie leo sina tena adabu hiyo. Na nina jingine."

Damari alimvuta khanga. Walikuwa wamekubaliana kuomba kitu kimoja tu. Anania naye akamnong'oneza kwamba bwana amekwisha kukubali maziwa, wasimchoshe.

"Tafsiri," alisema Bibi Lea. "Tunataka na gari. Mtoto akizidiwa, sisi tunambeba mgongoni mpaka barabarani, tunangoja mtu mwenye huruma apite. Gari lake dogo lina dereva. Tukimtuma mtu kuja kuita, tunataka lije, limpeleke mtoto hospitali Iringa."

Anania akatafsiri. Meneja hakukataa, wala hakukubali. Alisema waje baada ya mwezi wamweleze maziwa yamekwendaje, ndipo watazungumza habari ya gari.

Jumatatu Tekla alisimama barabarani kabla ya jua. Lori lilikuja, likasimama, ndoo ikateremshwa. Bibi Lea aliyachemsha maziwa, akayapoza, akayachanganya na maji yaliyochemshwa kama alivyofundishwa na mkunga. Siku hiyo watoto walishiba wote. Yeye hakula chochote, akaenda kukaa kaburini mpaka jioni.

Mwezi ulipokwisha alirudi ofisini, na ile ndiyo safari iliyokuwa ngumu kuliko zote. Kuomba alikuwa amefundishwa. Kurudi bila kuomba kulikuwa bado hakujamwingia akilini. Alimweleza meneja kwamba watoto wanne wamenenepa. Tadeo ameacha kuharisha, ila kifua chake si kizuri. Alisema siku moja lori lilichelewa, maziwa yakachacha, wakayamwaga. Hilo nalo alilisema, maana Damari alimkataza kuficha. Anania alimwambia baadaye kwamba tangu aanze kazi pale hajaona mtu aliyepewa kitu akarudi kueleza. Meneja alimwita dereva wa gari dogo, akampa maagizo mbele yake. Akasema pia lori liwe linaondoka mapema.

Watu wa nyumba nyingine za msaada walisikia, wakaja kuuliza dawa waliyotumia. Bibi Lea aliwaambia hakuna dawa. Aliwaketisha, akawasimulia habari za Sekalinga kwanza, yote, bila kujitetea. Kisha akawafanyisha mazoezi, Tekla akiwa meneja. Hakuwaruhusu kwenda nyumbani mpaka kila mmoja ataje kwa sauti kitu anachokitaka. Sedekia alipoona hivyo, hakuzungumza tena habari za kuifunga nyumba.

Gari lilikuja mara ya kwanza mwezi wa kumi na moja, mvua ikinyesha. Tadeo alikuwa anapumua kwa shida, midomo imegeuka rangi. Bibi Lea aliketi mbele karibu na dereva, mtoto amemfunika kifuani, mpaka Iringa. Wiki mbili walikaa hospitali. Siku waliyorudi, Tadeo akiwa amepona, dereva alipunguza mwendo alipokaribia mashamba ya chai, kwa sababu mtu alikuwa amesimama katikati ya barabara. Alikuwa baba yake Tadeo, mfanyakazi wa Kampuni, na nguo zake za kazi mwilini, amekuja kumpokea mtoto wake.